Nani Aliwauliza Watu wa Sayari Ile?

(Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wanajumuiya wa Afrika Mashariki, Sydenham, Durban)



Nimepewa dakika ishirini za kujitetea. Kikao kilichopita ilitolewa hoja kwamba kile chumba changu cha nyuma, ninapotengenezea kompyuta, kifungwe kwa watoto, kwa sababu wanashinda humo wakicheza gemu za kutawala anga badala ya kusoma. Mzee mmoja aliuliza, tena kwa uchungu: "Sisi tumekimbia vita na njaa mpaka huku Sydenham, mtoto anakaa saa nne anajenga dola hewani. Hiyo dola italipa kodi ya nyumba?" Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Basi niwaeleze kwanza hicho kinachochezwa, maana wengi wetu tunahukumu kesi bila kumwona mshitakiwa. Gemu wanayoipenda ni ya zamani, Master of Orion ya pili, ya mwaka 1996. Wanaipenda kwa sababu kompyuta zangu ni mikweche na haziwezi kubeba za kisasa. Unaanza na sayari moja na vyombo viwili vitatu. Mnacheza kwa zamu, kama bao. Unatafuta nyota, unapeleka walowezi, unajenga viwanda, unafanya utafiti, unakutana na mataifa mengine, mnafanya biashara au mnapigana. Mwandishi mmoja wa Marekani, Alan Emrich, alipoiandikia gemu ya kwanza ya mfululizo huo mwaka 1993 aliufupisha mchezo wote kwa maneno manne, ambayo kwa Kiingereza kila moja lina herufi X ndani yake: chunguza, jitanue, vuna, angamiza. Mpaka leo gemu za namna hii duniani kote zinaitwa kwa hizo X nne.

Hebu yasikilizeni tena maneno hayo kwa masikio ya mtu wa pwani yetu. Chunguza: wakaja wapelelezi na wamishonari na ramani zao. Jitanue: Berlin, 1884 na 1885. Vuna: mpira wa Kongo, mkonge wa Tanga, karafuu. La nne sina haja ya kulifafanua, waulizeni wazee wa Kilwa na Songea kuhusu Maji Maji. Tofauti ni kwamba ndani ya gemu wewe ndiye unayeshika kalamu ya ramani.

Na kuna Baraza. Kila baada ya muda mataifa yote ya anga yanakutana kumchagua mtawala mmoja, na mwenye theluthi mbili za kura anatawazwa. Kura zinahesabiwa kwa wingi wa watu wako. Wagombea ni wawili tu, wale wakubwa. Wengine mnamchagua mmoja wao au mnanyamaza. Niliwahi kumsikia kijana wa Kitanzania, umri wa miaka 14, akigomba mbele ya kioo: "Sasa mimi hapa nina faida gani?" Mwalimu wa siasa angehitaji mhula mzima kumfikisha mtoto kwenye swali hilo kuhusu Umoja wa Mataifa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi gemu ni shule. Mengi yanayofanyika mle ni upuuzi na kelele, na yupo mmoja hapa, simtaji, aliyefeli hesabu mwaka juzi kwa sababu ya kutetea galaksi. Mama yake ananiangalia sasa hivi.

Lakini kuna siku moja nataka kuisimulia.

Katika gemu hii watu wa sayari wanaonekana kama visanamu vidogo vimepangwa mstari: wakulima, wafanyakazi, watafiti. Ukitaka kuwahamisha unakishika kisanamu kwa mausi, unakiburuta mpaka sayari nyingine, meli za mizigo zinakipeleka. Zamu chache, kazi imekwisha. Sasa palikuwa na mtoto wa Kikongo, wazazi wake watu wa Uvira, anacheza huku wenzake wamemzunguka wakimshauri. Alikuwa ameteka sayari yenye madini, na wenyeji wake walikuwa hawajamkubali, maana watu waliotekwa wanaweza kuasi. Ushauri wa wenzake ulikuwa mmoja: wahamishe wote, weka watu wako. Mtoto akakaa kimya. Akaniita: "Anko, sitawatosha pale. Hawakufanya kitu."

Wenzake wakamzomea. Mimi nilikuwa nimeshika pasi ya risasi nachomelea waya, nikaiweka chini. Mtoto yule mwezi wa nne mwaka 2015, wakati wageni waliposhambuliwa hapa Durban, alikuwa na miaka mitano. Aliishi wiki kadhaa kwenye mahema ya Chatsworth na mama yake. Mnaikumbuka ile kambi, baadhi yenu mlipeleka blanketi. Yeye alikuwa kisanamu kilichoburutwa.

Na Chatsworth hiyohiyo ina habari nyingine ambayo vijana wetu wengi hawaijui, wakati iko mwendo mfupi wa gari kutoka hapa tulipokaa. Mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa Unguja, manowari za Kiingereza zilianza kuleta hapa Durban watu waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Waliambiwa wako huru, kisha wakafungwa mikataba ya kazi ya miaka kadhaa, kwa sababu koloni la Natal lilikuwa na njaa ya vibarua. Wakaitwa Wazanzibari kwa kuwa walipitia Zanzibar. Walijenga maisha yao King's Rest, kule Bluff, wakaswali, wakazaa, wakazikana. Halafu ikaja Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950. Jiji zima likapakwa rangi kwenye ramani: hapa Wazungu, hapa Wahindi, hapa Machotara, hapa Waafrika. Sydenham yetu hii nayo iligawiwa kwa rangi hizo hizo. Bluff ikawa ya Wazungu. Wazanzibari wakasumbua makarani, hawakujulikana waingizwe kundi gani, mpaka mwaka 1961 wakaandikwa "Waasia wengine". Wamakua, Waasia! Wakahamishiwa Chatsworth.

Mzee mmoja wa huko Bayview aliwahi kuniletea redio yake nimtengenezee. Watoto walikuwa wanacheza. Akasimama nyuma yao dakika kumi hivi, akatazama visanamu vikihama, kisha akauliza kwa Kizulu, tena taratibu: hao watu wa sayari ile, nani aliwauliza? Hakuna aliyemjibu. Alichukua redio yake akaenda.

Mtasema, yote hayo ni ya nchi kavu, anga inatuhusu nini? Inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, na ikaitwa Uhuru, kwa Kiswahili chetu. Roketi ya Marekani, jukwaa la Italia. Sisi tulitoa pwani na jina.

Miaka sita baadaye, Desemba 1976, Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizokutana Bogotá na kutangaza kwamba ile njia ya setilaiti iliyo juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, sehemu iliyo juu ya kila nchi ni mali ya nchi hiyo. (Tanzania haimo, ikweta imetukwepa.) Wakubwa walikataa, wakasema Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza taifa lolote kujimilikisha anga. Kisheria walikuwa na hoja. Lakini kwa muda mrefu aliyekuwa na roketi na fedha ndiye aliyewahi nafasi, na aliyekuwa na ikweta tu alibaki na tamko. Kura za Baraza, ndugu zangu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Chumba kisifungwe. Siku za shule kompyuta zitafunguliwa saa moja tu, baada ya kazi za nyumbani, na daftari nitalikagua mimi mwenyewe. Jumamosi naomba mzazi mmoja kwa zamu aje akae nao, asije kama askari, aje aulize maswali kama yule mzee wa Bayview. Na mzee wangu aliyeuliza habari ya kodi, nakuomba uwe wa kwanza, kwa sababu wewe ulifanya kazi bandarini na watoto wanataka kujua meli ya mizigo inabeba kiasi gani.

Kuhusu yule mtoto wa Uvira: aliwaacha wenyeji wake pale pale. Waliasi mara mbili. Mpaka juzi alikuwa wa mwisho kwenye Baraza, ana sayari nne tu, na ananisumbua nimwongezee nusu saa.

 Nasubiri maswali, na mama wa galaksi naona ameshanyoosha mkono.