Bakteria na Urani Majini: Kazi Yao na Kazi Yetu

Mada kwa walimu wa sayansi na jumuiya za watumia maji, Lusahunga, Biharamulo

1. Utangulizi

Maji ya pampu yenye chuma mnayajua. Yakikingwa ni maangavu. Yakikaa kwenye ndoo hadi jioni yanageuka rangi ya kutu, na shuka jeupe likifuliwa nayo huota madoa. Chini ardhini, pasipo hewa, chuma kilikuwa kimeyeyuka. Kilipokutana na oksijeni kikaganda na kutuama. Urani hufanya kinyume: penye oksijeni huyeyuka na kusafiri na maji, pasipo oksijeni huganda.

Lusahunga hatuchimbi urani, lakini nchi yetu ina hazina yake Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulirekebishwa kupisha mradi wa kuichimba. Wanafunzi wetu wa leo huenda ndio watakaopima maji ya huko.

2. Namna bakteria wanavyofanya kazi

Bakteria aina ya Geobacter huishi kwenye tope lisilopata hewa. Sisi huvuta oksijeni. Wao hutumia chuma badala yake. Mwaka 1991 mtafiti Derek Lovley na wenzake walionyesha kuwa bakteria hao wanaweza kutumia urani pia: huipa elektroni, nayo hugeuka chembe ngumu na kubaki mchangani.

3. Funzo la Rifle

Huko Rifle, jimbo la Colorado, Marekani, maji ya ardhini yalichafuliwa na kiwanda cha kuchakata urani. Mwaka 2002 watafiti waliingiza ardhini asetati, chumvi itokanayo na asidi ya siki, iwe chakula cha bakteria. Ndani ya siku 50, urani katika baadhi ya visima ilishuka chini ya kiwango kilichowekwa. Baadaye bakteria wanaotumia salfati walishamiri, wakala chakula hicho, na urani ikaanza kupanda tena.

Hapo ndipo penye uzito wa mada hii. Bakteria hawaiui mionzi. Wanaituliza urani mahali pake. Oksijeni ikirudi, nayo huyeyuka upya. Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu, kwa hiyo ulinzi hauwezi kuishia kwenye muda wa mradi.

4. Mapendekezo

(a) Maji yapimwe kabla ya uchimbaji kuanza, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 30 za urani kwa lita.

(b) Wananchi waelezwe wazi kwamba kuchemsha hakuondoi urani: maji hupungua, urani hubaki.

(c) Mpango wowote wa kutumia bakteria utaje nani atawalisha, nani atapima, na fedha zitatoka wapi mgodi ukishafungwa.

(d) Walimu, kingeni maji ya pampu yenye chuma kwenye chupa angavu, muiache wazi darasani. Mtoto akiona kutu ikituama, ameshika nusu ya somo. Nusu ya pili ni kumwambia kwamba urani hutuama pale tu hewa inapozuiwa, na wa kuizuia ni sisi.