Nani Ahesabiwe? Uwakilishi na Mgawanyo wa Madaraka katika Katiba ya Marekani



Mwulizeni mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza sifa kuu ya Katiba ya Marekani ni ipi, naye atajibu bila kusita: mihimili mitatu. Bunge hutunga sheria, Rais hutekeleza, Mahakama huamua. Si jibu baya, ila linauruka ugomvi wenyewe. Hoja yangu jioni hii ni kwamba waasisi wa taifa lile walikubaliana upesi kuhusu mihimili, kisha nusura mkutano uwavunjikie kwa sababu ya uwakilishi. Na suluhu waliyoipata kuhusu uwakilishi ndiyo inayoiendesha mihimili hiyo hadi leo.

Tazameni tarehe. Mkutano wa Philadelphia, ulioandika Katiba hiyo, ulianza kazi tarehe 25 Mei 1787, George Washington akiwa mwenyekiti, milango ikilindwa na wajumbe wakiwa wamekatazwa kutoa habari nje. Kufikia tarehe 30 Mei walikwisha kupitisha azimio la kuunda serikali ya kitaifa yenye bunge, utendaji na mahakama. Wengi wao walikuwa wamemsoma Montesquieu, mwanafalsafa Mfaransa wa mgawanyo wa madaraka, na walikuwa wameonja adha ya muungano wa awali, uliokuwa na bunge tu, bila rais mtendaji wala mahakama za kitaifa.

Ndipo likaja swali la nani ahesabiwe. Virginia, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, ilitaka wabunge wagawanywe kwa idadi ya watu au kwa mali. Wajumbe wa Delaware walikuwa wametumwa na agizo kutoka nyumbani: wasikubali kamwe kupoteza usawa wa kura. Mwishoni mwa Juni mmoja wao, Gunning Bedford, alitamka wazi kwamba majimbo madogo yakidhulumiwa yatatafuta rafiki katika mataifa ya nje. Vitisho hivyo vilitoka kwa watu waliokuja kujenga taifa moja!

Tarehe 16 Julai wakapiga kura juu ya maafikiano: Baraza la Wawakilishi lifuate idadi ya watu, Seneti itoe kura sawa kwa kila jimbo. Majimbo matano yaliunga mkono, manne yakakataa, na wajumbe wa Massachusetts wakagawanyika nusu kwa nusu. Rhode Island haikutuma mtu. Tukiambiwa kwamba Seneti ni tunda la hekima ya falsafa, tuikumbuke hesabu hiyo. Ilikuwa bei ya kuwazuia wadogo wasiondoke.

Katika maafikiano hayohayo kulikuwa na jambo chafu zaidi. Watumwa watano wangehesabiwa kama watu watatu, ili kuwaongezea viti mabwana waliowamiliki. Katiba haikuthubutu kulitaja neno “watumwa”. Iliwaita “watu wengine wote”. Na kwa kuwa kila jimbo lilipewa wajumbe wa kumchagua Rais kulingana na jumla ya wabunge na maseneta wake, hesabu ile ya mtumwa asiye na kura ikapenya hadi kwenye mhimili wa pili. Katika miaka 36 ya kwanza, 32 iliongozwa na marais kutoka Virginia. Sidai kwamba hesabu hiyo peke yake ndiyo iliyowaweka madarakani, lakini msaada wake haukuwa mdogo.

Mhimili wa tatu nao haukusalimika. Mgawanyo wa madaraka wa Marekani si ukuta. James Madison, mmoja wa wajumbe wa Philadelphia, mwenyewe alitetea kwamba kila mhimili uwe na mkono katika kazi ya mwingine, ndiyo maana Rais ana kura ya turufu na Seneti huidhinisha majaji. Basi anayehesabiwa zaidi katika Seneti anahesabiwa zaidi katika kuunda Mahakama. Kwa sensa ya 2020, California ilikuwa na watu zaidi ya milioni 39, Wyoming haikufika laki sita, na kila moja ina maseneta wawili. Donald Trump alishinda mwaka 2016 akiwa na kura pungufu ya mpinzani wake kwa karibu milioni 2.9, kisha katika muhula huo akateua majaji watatu kati ya tisa wa Mahakama ya Juu. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Mtambo ulifanya kazi kama ulivyoundwa.

Jirani zetu Wakenya, walipoandika Katiba ya 2010, nao waliipa kila kaunti seneta mmoja wa kuchaguliwa, iwe Lamu au Nairobi. Lakini kuidhinisha mawaziri na Jaji Mkuu waliliachia Bunge la Taifa. Kwa maoni yangu, hilo ni somo walilolisoma vizuri kuliko wenye kitabu.

Je, Wamarekani hawawezi kurekebisha? Hesabu ya watumwa iliondolewa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na tangu 1913 maseneta huchaguliwa na wananchi. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu iliyaamuru majimbo yagawe viti vya mabaraza yote mawili ya mabunge yao kwa idadi ya watu. Seneti ya taifa haikuguswa na amri hiyo. Inalindwa na kifungu cha tano cha Katiba: jimbo halinyang’anywi usawa wa kura katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe, na tangu 1787 hakuna jimbo lililowahi kuitoa ridhaa hiyo.