Si mgonjwa, si maiti: wazee wawili barabarani kwenda Baraka

Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama na wafadhili, mkutano wa Kalundu

Shikamooni wazee wetu. Na ninyi wengine wote, jambo. Tunajua waliopitia Nyarugusu na Lugufu watajibu marahaba, na wale ambao hawakuvuka ziwa watauliza Kitanzania hiki tumekitoa wapi. Ndivyo tulivyo siku hizi, Uvira ina salamu mbili.

Tulipewa dakika ishirini tuseme juu ya mfuko wa wazee. Tutasema juu ya safari moja tu, maana ndiyo iliyoleta maneno mengi, na wengi wenu mmeisikia sokoni ikiwa imeshaongezwa chumvi.

Wenye safari wanakaa hapa hapa Kalundu. Hatutataja majina. Wako humu ndani, wakitaka watajionyesha. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi kabla ya vita, akafundisha tena Lugufu chini ya turubai, akarudi akafundisha hapa mpaka macho yakakataa ubao. Sasa amestaafu. Mama alikuwa anauza ndagala, naye amestaafishwa na goti. Ndoa yao imepita miaka arobaini na tano.

Jambo lilianzia kwenye simu. Binti yao alibaki Tanzania, baadaye akapelekwa Marekani na watoto wake, jimbo la Arizona. Mjukuu akawatumia video. Huko, majira ya baridi, wazee waliostaafu wanakuja na magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, wanayaegesha jangwani karibu na mji mdogo unaoitwa Quartzsite, wanakaa wiki nyingi, wengine miezi. Ni changarawe na miba mpaka mlimani. Wanatoa viti nje, wanakunywa kahawa, wanatazama jua likizama. Mama aliitazama mara tatu, akauliza: «Hawa wamefukuzwa na nani?» Mjukuu akamjibu hawajafukuzwa, bibi, wanatembea tu. «Wanalala ndani ya gari kwa kupenda?» Kwa kupenda, bibi. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa.

Lakini usiku ule Mama alisema neno ambalo ndilo lilitufikia sisi. Alisema wao wawili, tangu waoane, hawajawahi kwenda safari ambayo siyo ya kukimbia, ya msiba ama ya hospitali.

Hebu hesabuni pamoja nasi. Mwezi wa kumi 1996 vita iliingia Uvira na kuteremka kuelekea Fizi. Wao walivuka ziwa usiku kwa boti ya mbao mpaka Kigoma. Kurudi, walirudi na meli ya wakimbizi, zile safari zilizoanza kuleta watu Baraka mwezi wa kumi 2005. Kutoka Baraka kuja Uvira, tena boti. Barabara namba 5, hii inayofuata ziwa, kilometa kama tisini tu kutoka hapa mpaka Baraka, hawakuwahi kuipita pamoja. Mwalimu aliipita akiwa kijana, kwa baiskeli. Mama hata mara moja.

Wakaja kuomba. Fomu ya mfuko mnaijua: ugonjwa, msiba, karatasi za serikali, shamba. Kutembea hakumo. Tunakiri mbele yenu kwamba ni sisi tuliowaambia: «Andikeni kuzuru makaburi, itapita.» Mwalimu alishashika kalamu. Mama akakataa. Akasema: «Wanangu, makaburi tutayapita njiani, lakini siyo yanayotupeleka. Nilidanganya kwenye karatasi nyingi kule kambini ili watoto wale. Sasa nimezeeka, niacheni niandike kweli.» Basi tukaandika kweli, na kamati ikakataa, kwa sababu kweli haikuwa na kisanduku chake.

Hesabu ni hii, kwa wafadhili wanaopenda kuiona. Gari na mafuta siku mbili, dola 180. Chakula 15. Barieri 12. Jumla 207. Wazee walitoa 60 waliyoweka kidogo kidogo, binti akatuma 100. Walichokuwa wanauomba mfuko ni dola 47. Mwishowe tulizichanga sisi wafanyakazi, na hilo siyo jambo la kujivunia, maana mfanyakazi hawezi kuwa mfuko.

Tulikodi Hiace. Viti vya nyuma tukavitoa, tukaweka godoro kwa ajili ya goti la Mama, juu yake kitenge kizuri. Mwalimu alikaa mbele na koti lake la siku za ukaguzi. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri.

Barieri ya kwanza, kijana mmoja akachungulia nyuma.

«Mgonjwa?»

Hapana.

Akaondoa kofia. «Poleni. Maiti?»

«Maiti ni mimi?» Mama akauliza kutoka godoroni.

«Sasa wanaenda wapi?»

Tukamwambia wanatembea. Wanaenda Baraka kutazama, wanarudi. Akamwita mwenzake. Wakaja wanne. Wakatuuliza tunaficha nini. Gari yenye godoro barabara hii ni ya mgonjwa ama ya marehemu, na wote wawili wanajulikana namna ya kupitishwa: unatoa franka elfu mbili, unapewa pole, unaenda. Wazee wawili wazima wenye kadi zao za mchaguzi, waliovaa vizuri, wasio na jambo lolote Baraka, walikuwa kitu kipya. Tulikaa pale zaidi ya nusu saa. Barieri ya pili dereva alitaka kusema ni mgonjwa ili tupite haraka. Mama akamzuia. Barieri ya tatu alishazoea, akawa anajibu yeye mwenyewe kabla hatujafungua mdomo: «Si mgonjwa, si maiti. Tunatembea. Na wewe mwanangu, mama yako umemtembeza lini?» Yule hakuomba kitu.

Makobola tulisimama. Wanachama hapa hatuhitaji kuwaeleza, ila wafadhili wengine ni wageni: kuanzia tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 1998 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kwanza 1999, pale na vijiji vya jirani waliuawa watu zaidi ya mia nane, kama ripoti ya Umoja wa Mataifa ilivyoandika baadaye. Wao wakati ule walikuwa kambini, walisikia redioni. Mwalimu alishuka peke yake, akavua kofia, akataja majina ya wanafunzi wake wa zamani, polepole, kama anaita daftari la asubuhi. Kila jina alinyamaza kidogo kabla ya lingine. Sisi tulibaki karibu na gari. Mama hakushuka, alisema yeye wake anawataja nyumbani.

Baada ya Swima njia ikakatika. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ilinyesha usiku kucha, Fuso moja ya mihogo ilizama kwenye tope ikalala ubavu, ikaziba barabara yote. Sheria yetu ya usalama mnaijua: saa kumi na mbili jioni gari liwe mjini. Hatukufika mjini. Tulienda kwa shefu wa kijiji, tukajieleza, akatuweka kwenye uwanja wake, hatua chache kutoka majini. Alituletea bukari na mukeke wa kuchoma. Alitaka kumpa Mama chumba. Mama akasema hapana, asante, tutalala garini. Akatugeukia na macho yanacheka: «Kama wale wa jangwani.»

Wao wakalala kwenye godoro, mlango wa nyuma wazi. Sisi tulikuwa viti vya mbele na dereva. Hakukuwa na mwezi, basi wavuvi walikuwa wametoka na taa zao, ziwa lote limejaa nukta za moto, na ng'ambo zinaonekana taa za Burundi. Tulidhani wamelala. Saa saba hivi tukamsikia Mama: «Mwalimu. Ni hapa tulipita?» Akajibu, ni hapa, ama karibu na hapa. Kisha Mama akaanza kusimulia. Usiku ule wa 1996 yeye hakuliona ziwa. Alikuwa kifudifudi chini ya boti, maji ya boti yanamfika shavuni, kiganja chake kwenye mdomo wa mtoto ili asilie. Mtoto yule ndiye huyo wa Arizona. Alimbana sana. Miaka yote hii, akasema, anaogopa kumuuliza binti kama anakumbuka.

Mwalimu hakujibu kitu tulichokisikia. Baadaye wakawa wanahesabu taa. Walifika sitini na kitu, wakapotea, wakaanza upya.

Asubuhi vijana wa kijiji walikuwa wamepakua mihogo na kulisukuma Fuso. Baraka tulifika saa nne. Walitaka tu kuona pale meli iliposhusha watu. Mama alitafuta mahali alipokaa juu ya turubai lake na sufuria akingoja jina lisomwe. Hakupapata, pamejengwa. Akanunua sabuni na mafuta ya mawese, akasema bei ya Uvira ni wizi. Mwalimu alikutana na mtu mzima mwenye mvi aliyemwita «Mwalimu!» kutoka upande wa pili wa soko, wakashikana mikono muda mrefu. Jioni tulikuwa Kalundu.

Sasa manung'uniko. Mama mmoja, mwanachama mzuri, mlipaji, alituambia usoni: mimi nyumba yangu ilichukuliwa na mto Mulongwe mwezi wa nne 2020, nikajenga tena, 2024 ziwa likapanda likaingia ndani, mpaka leo natafuta mabati, na ninyi mnawatembeza watu. Ana haki ya kusema hivyo. Hatuna jibu la kumshinda, na hatutaki hata shilingi moja ya mabati iguswe. Tunachoomba ni mstari wake peke yake, mdogo, wenye mchango wake, ili wafadhili wanaotaka kuutia mkono wajue wanatia wapi. Na tunaomba fomu ibadilishwe. Tumeandika ripoti nyingi kwamba watu wetu «wamerudi». Wazee hawa tuliwahesabu kuwa wamerudi tangu siku ile ya meli. Mama mwenyewe anasema amerudi mwezi wa tatu uliopita, ndani ya Hiace.

Lingine mlisikie kutoka kwetu kabla hamjalisikia sokoni. Tuliporudi alimpigia binti simu, akamuuliza lile swali. Binti alisema hakumbuki mkono. Anakumbuka harufu ya ndagala kwenye kitenge. Mama ameturuhusu tuwaambieni.

Na wameomba tena. Safari hii wanataka upande wa kaskazini, uwanda wa Ruzizi: Kiliba, Sange, Luvungi, mpaka Kamanyola. Wanataka mwezi wa nane, wakati hakuna mvua na vumbi limefunika kila kitu, nyasi zimekauka mpaka chini ya milima. Mwalimu anasema hilo ndilo jangwa letu, amtumie mjukuu picha. Fomu iko mezani kwa katibu tangu Jumatatu. Visanduku vyote vinne viko vitupu, na pembeni, kwa mwandiko wa Mama, pameandikwa: kutembea.