Fedha Inapovuka Mpaka: Mazungumzo na Wananchi wa Mpanda



Mada yetu ni mzunguko wa mitaji baina ya nchi na nchi. Maneno hayo hudhaniwa kuwa ya mabenki na wataalamu wa Dar es Salaam peke yao. Hapa Mpanda yana historia yake, na historia hiyo mnaipita kila siku. Reli itokayo Kaliua haikujengwa kwanza kwa ajili ya abiria wala mahindi. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba madini ya risasi ya Mukwamba, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals kwa mtaji uliotoka ng'ambo. Karibu na wakati wa Uhuru mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa. Wenye mtaji waliondoka, reli ikabaki, na watu wa Katavi wakaipatia kazi nyingine.

Katika kisa hicho yamo maswali tunayopaswa kuuliza kila fedha inapovuka mpaka: imekuja kwa sura gani, itaondoka vipi, na itaacha nini?

Watafiti huigawa mitaji binafsi ya kigeni katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni uwekezaji wa moja kwa moja, ambapo mgeni humiliki asilimia 10 au zaidi ya kampuni na kuwa na sauti katika uendeshaji wake. Mtaji wa namna hii hugeuka mgodi, kiwanda au shamba, na mgodi haufungashwi ndani ya sanduku kwa usiku mmoja. Fungu la pili ni ununuzi wa hisa chache au hatifungani. Mwenye mtaji huu hutafuta faida tu, na akiingiwa na hofu huuza na kuondoka kwa muda mfupi. Fungu la tatu ni mikopo, isipokuwa ile ambayo kampuni mama iliyo nje huikopesha kampuni tanzu iliyo nchini, kwani hiyo huhesabiwa katika fungu la kwanza. Mkopo hulipwa pamoja na riba, tena kwa fedha za kigeni, hata mwaka ambao biashara imekwenda kombo.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Mnamo Julai 1997 Thailand ilishindwa kuendelea kuitetea sarafu yake. Mitaji ya muda mfupi ikalikimbia eneo hilo, na nchi jirani, Indonesia mojawapo, zikaingia katika dhiki kubwa. Tanzania kwa upande wake ilifungua mlango kwa hatua. Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 ililegeza masharti ya kununua na kuuza fedha hizo, lakini ilikuwa mwaka 2014 ndipo wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliporuhusiwa kununua hatifungani za Serikali yetu. Wapo waliouona mwendo huo kuwa wa kobe. Sisi tunaona kwamba mlango wa kuingilia mtaji wa haraka ndio huohuo wa kutokea, na mwenye nyumba hana budi kuujua upana wake.

Mnaweza kuuliza: haya yanamhusu vipi mkulima wa Mpanda? Yanamhusu kupitia thamani ya shilingi. Katikati ya mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 2,700, na kabla ya mwaka kwisha ilishuka hadi chini ya shilingi 2,500. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola. Mkulima aliyelipwa dola ilipokuwa juu alipata shilingi nyingi zaidi kwa kilo ileile; lakini mbolea na mafuta ya pikipiki, ambavyo hununuliwa nje, navyo huelekea kupanda dola ipandapo. Kwa hiyo, mnapopokea malipo, iombeni hati inayoonyesha kiwango cha kubadilishia dola na tarehe ya kiwango hicho. Tarehe moja tu yaweza kupunguza au kuongeza mapato ya msimu mzima. Aidha, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2025, bidhaa na huduma za ndani ya nchi zinapaswa kutajiwa bei na kulipiwa kwa shilingi. Mkitajiwa bei kwa dola hapa nchini, mna haki ya kuuliza kwa nini.

Jambo la pili ni ardhi. Mwaka 2010 Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda iliingia hati ya maelewano na kampuni ya AgriSol, yenye asili ya Marekani, kuhusu kilimo kikubwa katika makazi ya Katumba na Mishamo. Habari zake zilienea hadi ng'ambo na mjadala ukawa mkali. Mradi uliokusudiwa katika makazi hayo haukutekelezwa. Lakini wakazi, ambao hatima ya makazi yao ilikuwa bado haijaamuliwa, waliishi miaka kadhaa bila kujua kama wangevuna kile walichopanda.

Somo tunalolipata ni hili: mtaji uliotangazwa si mtaji uliofika. Watafiti nao wanalijua, ndiyo maana tangu miaka ya mwanzo ya 2000 Benki Kuu, kwa kushirikiana na taasisi za uwekezaji na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, imekuwa ikipeleka madodoso kwa makampuni kuuliza ni fedha kiasi gani iliyoingia kweli. Cheti cha uwekezaji huonyesha nia; dodoso huonyesha kilichotendeka. Nanyi fanyeni vivyo hivyo katika vijiji vyenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kusikilizwa kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa, na mtu asiye raia hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Msikubali mkutano huo ugeuzwe wa kupiga makofi. Ulizeni fedha iko wapi, nani ameithibitisha, na ardhi itarudi kwa nani iwapo mradi hautaanza.

Jambo la tatu ndilo linalotusumbua zaidi. Siku hizi fedha za wananchi nazo zinavuka mpaka, kwa kubonyeza simu. Mtu amekwisha kuuza mpunga au dhahabu, naye anaalikwa kuweka akiba katika kampuni inayosemekana kuwa ya ng'ambo. Anaahidiwa faida kila siku, na faida zaidi kwa kila jirani atakayemwingiza. Jina ni geni, ila mchezo ni wa zamani. Mwaka 2009 Serikali iliusimamisha mpango wa DECI, ambamo mavuno ya waliotangulia yalitoka katika mbegu za waliofuata. Mpango wa namna hiyo hauna shamba wala mgodi. Shamba lake ni ninyi.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni haya. Ulizeni leseni. Mabenki na taasisi za mikopo husimamiwa na Benki Kuu. Madalali wa hisa na washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hati ya usajili wa kampuni si leseni ya kupokea fedha za watu. Ulizeni pia faida inatoka katika kazi gani. Asiyeweza kuwaeleza kwa maneno mepesi, mwacheni apite.

Hatusemi kwamba akiba izikwe chini ya kitanda. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya kazi tangu mwaka 1998, na humo Mtanzania anaweza kununua hata hisa za makampuni ya Kenya yaliyoorodheshwa hapa. Hatifungani za Serikali zinapatikana kuanzia shilingi milioni moja. Hisa hupanda na kushuka, na hatuwaahidi faida. Lakini kumbukumbu zipo, na msimamizi yupo.

Tunamalizia kwa ukweli ambao si mwepesi kwetu kuusema. Mamlaka ya msimamizi wa nchi huishia mpakani. Mlalamikaji anapofika ofisini na namba ya simu isiyopatikana na tovuti iliyokwisha kufungwa, tunaweza kupokea maelezo yake, kuwaarifu polisi na kuwaonya wengine. Fedha yenyewe, mara nyingi, huwa imekwenda. Kwa hiyo ulinzi ulio imara kuliko wetu ni swali lenu mnalouliza mapema, wakati fedha ingali mkononi.