Mtafuteni Bibi Yake

  

Wazazi, nimeona mataji ya maua na vitenge vya sare, na kuna ukoo mmoja kule nyuma ulioanza vigelegele kabla Mkuu wa Chuo hajasoma hata jina moja. Endeleeni tu. Mmeuza mahindi, mmeuza ng'ombe, wengine mmeuza viwanja ili hawa wafike hapa, kwa hiyo leo hakuna wa kuwanyamazisha. Wahadhiri, asanteni kwa uvumilivu wenu. Najua kusahihisha ripoti za mafunzo kwa vitendo si kazi ya mchezo.

Wahitimu, wanangu, nimekuwa afisa ustawi wa jamii maisha yangu yote ya kazi, sehemu kubwa katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Nimesuluhisha ndoa, nimefuatilia matunzo ya watoto, nimekaa mahakamani na watoto waliokinzana na sheria. Yote hayo mmefundishwa. Nimekuja kuzungumzia jambo ambalo litawakuta mapema mkiajiriwa na halmashauri au na makao ya watoto, nalo ni wageni wa makanisa wanaotoka ng'ambo kuja kuwahudumia yatima.

Mnawafahamu. Huja Juni, Julai na Agosti, shule za kwao zikiwa zimefungwa. Hushuka uwanja wa ndege wa KIA kumi na watano au ishirini, wamevaa fulana za rangi moja zenye aya ya Biblia mgongoni, masanduku yamejaa mipira, peremende na nguo. Hukaa siku kumi, pengine wiki mbili. Hupaka rangi ukuta, hufundisha watoto nyimbo, huwabeba, hupiga nao picha, na siku ya kuaga hulia kwa uchungu wa kweli. Kisha huenda Ngorongoro, hupanda ndege, na kundi lingine linawasili. Nimeona ukuta uliopakwa rangi mwezi Juni ukipakwa tena Agosti.

Niseme wazi kwamba watu hawa ni wema. Vijana wao huosha magari na kuuza keki kanisani ili wapate nauli. Wapo wazee wanaotumia akiba ya uzeeni. Sitaki kusikia kwamba mhitimu wa chuo hiki amewadharau au amewafukuza getini. Lakini kazi yetu haipimwi kwa wema wa mgeni. Inapimwa kwa mtoto, yuko wapi na anakuwaje.

Tuanze na mtoto wa miaka mitatu. Ukiingia makao yanayopokea wageni wengi, mtoto huyo atakukimbilia, atakukumbatia miguu, ataomba umbebe, ingawa hajapata kukuona. Mgeni atasema, "Jamani, watoto hawa wana upendo!" Wewe uliyesoma makuzi ya mtoto ushtuke. Mtoto wa umri huo anayelelewa na mtu mmoja anayemjua hujificha nyuma ya kanga ya mama yake akiona sura ngeni, kisha huchungulia, kisha hujirudisha tena. Huyo ana mtu wake. Anayemkimbilia kila apitaye amekwisha kujifunza kwamba watu wazima huja na kuondoka, basi humshika yeyote aliye karibu. Kila kundi linalomzoea wiki mbili na kumuaga kwa machozi linamwongezea somo hilohilo.

Ushahidi upo. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iliona maelfu ya watoto waliojazwa katika vituo vya serikali. Miaka ya 2000 ilipoanza, watafiti kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walifuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi ya kambo na nusu wakabaki katika malezi ya kawaida ya huko. Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliotoka kituoni kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Vituo vile vilikuwa na chakula na vitanda. Mtoto hakuwa na mtu wake.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, yatima. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika vituo duniani wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Mkifika kazini msishangae kulikuta hilo mlangoni kwenu.

Niliwahi kukagua makao fulani nje kidogo ya mji wa Arusha. Kwenye daftari la watoto kulikuwa na kaka na dada, na safu ya wazazi imeandikwa "wote wamefariki." Yule kaka alikuwa darasa la tatu. Nilipokuwa nafunga begi aliniuliza kama nitapita soko la Kilombero. Nikamuuliza kuna nini huko. Akanijibu, "Mama anauza ndizi mbivu, upande wa daladala."

Nilikwenda, na mama alikuwepo. Alikuwa mjane, anakaa chumba kimoja cha kupanga, na mwenye makao alikuwa amemwahidi shule ya Kiingereza kwa wanawe wote wawili. Aliambiwa aje kuwaona wakati wageni hawapo, kwa hiyo miezi ya Julai alikuwa hakanyagi pale. Hakuwa amewatupa watoto. Aliamini amewapa nafasi ambayo yeye hakuipata, na alipolisema hilo alilisema kwa fahari. Tulipohesabu pamoja kilichokuwa kinamshinda, kilikuwa kodi ya chumba, sare, madaftari, na mtaji wa kuongeza mikungu. Kuwarudisha watoto kulichukua muda mrefu, kwa vikao, ziara za nyumbani na barua za serikali ya mtaa. Yule binti alikuwa anaficha vipande vya ugali chini ya godoro, na mama alikuwa anavikuta asubuhi na hasemi kitu. Nauli ya mgeni mmoja tu kutoka Marekani ingemlipia mama yule kodi ya muda mrefu kuliko nilivyoweza kumtafutia mimi.

Mnaona jinsi mambo yanavyokwenda. Fedha hufuata kitanda chenye mtoto. Mgeni hawezi kupiga picha na kodi ya nyumba iliyolipwa, anapiga na mtoto, na makao yasiyo na watoto hayana wa kumwonyesha. Nchini Kambodia idadi ya vituo iliongezeka kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, wakati utalii na watu wa kujitolea vikiongezeka, na utafiti wa serikali pamoja na UNICEF uliotolewa mwaka 2011 ulikuta watoto wengi waliomo wana wazazi. Mwaka 2018 Bunge la Australia lilipotunga sheria dhidi ya utumwa wa kisasa, suala la watoto kutolewa majumbani ili kujaza vituo lilikuwa sehemu ya mjadala wake. Makao mengi yana watu waadilifu, nami nimefanya nao kazi kwa heshima. Nisemalo ni kwamba hata mwadilifu anavutwa na mkondo huo.

Hapa nina lawama kwa taaluma yetu. Tumejifanya wenyeji wa ziara. Afisa anapigiwa simu kwamba wageni wamefika, anaacha shauri la mtoto mezani, anakwenda kukaa meza kuu, anatoa neno la shukrani, anakula chakula cha mchana, anapiga picha. Jalada la mtoto aliyesimama mbele yake lina ukurasa mmoja! Jina, jinsi, tarehe ya kupokelewa, basi.

Na nikifika kwenye majalada mnivumilie, kwa sababu hapo sina kiasi. Jalada la mtoto liandikwe kama vile wewe utahamishwa kesho. Kitongoji, kijiji, kata. Jina la mwenyekiti wa kitongoji. Bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, mjomba, shangazi, mama mdogo, na majina yao ya kuitwa, kwa maana kijijini ukimuulizia Bi. Anastazia hakuna anayemjua, ila Mama Kokoo anajulikana hadi kwa watoto. Andika nani alimleta na alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe. Andika kwa kalamu ya wino, si penseli. Kama ofisi ina kompyuta, jaza humo, na karatasi uitunze vilevile, mbali na bati linalovuja. Nimeona watoto waliokaa vituoni hadi ndevu zikaota kwa sababu tu karatasi moja haikuwa na jina la kijiji.

Wageni wetu wengi husukumwa na Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, aya ya 27. Ukiwapokea, ifungueni pamoja. Aya hiyo inamtaja yatima na inamtaja mjane papo hapo. Makundi yanamwendea yatima na kumwacha mjane sokoni. Na wakitaka mfano, upo katika Kutoka, sura ya pili. Binti Farao alipomwokota Musa mtoni, dada wa mtoto alimtafutia mlezi, na mlezi huyo alikuwa mama mzazi wa Musa, akalipwa ujira kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Waislamu mlio hapa mnajua kwamba Mtume Muhammad alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Dini zetu zimemweka yatima ndani ya ukoo.

Sisi wenyewe tunajua kufanya hivyo. Ukimwi ulipoukumba mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, waliobeba watoto ni mabibi, kwa migongo yao na mashamba yao ya migomba. Kule Nshamba, wilayani Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee fedha kidogo kila mwezi, na nyongeza kwa mjukuu anayelelewa. Utafiti uliofuatia uliitwa kwa vitu ambavyo fedha hizo zilikwenda kununua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna ukuta wa kupaka rangi hapo, na mtoto analala kwa bibi yake.

Majirani wamesogea. Rwanda ilihesabu watoto zaidi ya 3,300 katika vituo 33, na kuanzia 2012 ikaanza kuwarudisha kwenye familia. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kubadili malezi. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Isomeni tena mkiwa kazini.

Kwa hiyo wageni wakija, wapokeeni kwa adabu na waulizeni swali la haki. Makanisa mengi ya Marekani na Uingereza huangalia kumbukumbu za polisi za mtu kabla hajafundisha shule ya Jumapili. Je, wao wamechunguzwa na nani kabla ya kuingia chumba wanacholala watoto wetu? Wengi wataelewa mara moja, na wanaoelewa waelekezeni kwenye kodi, mikopo midogo, viatu vya shule, na mafunzo ya familia za malezi ya kambo kwa wale wachache ambao kweli hawana mtu. Na msiwaone wageni peke yao. Sisi pia tunapeleka keki za kuzaliwa na pilau la harusi vituoni, tunajipiga picha na watoto wasiotujua, tunaziweka kwenye WhatsApp. Mwenye pilau ampelekee bibi aliye jirani yake anayelea wajukuu, na picha asipige.

Mkuu wa Chuo, nina ombi moja. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanapelekwa kwa wingi makao ya watoto kwa sababu huko kuna nafasi na kuna chai. Wapelekeni ofisi za kata, watembee na maafisa, wajifunze kumtafuta bibi wa mtoto mvua ikinyesha na barabara imekatika. Nipo tayari kuwapokea walio Arusha na kuwapitisha katika majalada, ukurasa kwa ukurasa, na jambo hili nimekwisha kulizungumza na mratibu wenu.

Sasa tutunuku vyeti. Kuna wazazi waliokuja kwa basi la Singida, nalo linaondoka jioni hii.