Kupanga Rilei ya Kinga kwa Siku ya Mtambo Mmoja: Mada kwa Semina ya Mafundi Umeme, Kisangani



Majedwali mengi ya mipangilio ya rilei tunayoyakuta ndani ya makabati ya vituo vyetu yanadhani kwamba nyuma ya transfoma kuna gridi kubwa isiyochoka. Mji wetu hauna gridi ya namna hiyo. Laini kuu ya Inga, iliyofikishwa Kolwezi mwaka 1982, inapita mbali nasi, na mabwawa mawili ya Inga yalijengwa kwa uwezo wa zaidi ya megawati 1,700. Sisi tunategemea kituo cha Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950 kwenye maporomoko ya mto Tshopo, chenye mitambo mitatu ambayo jumla yake haifiki megawati 20. Kwa hiyo nashikilia jambo moja: rilei ya Kisangani ipangwe kwa ajili ya siku ambayo mtambo mmoja tu unazunguka.

Sababu yake iko kwenye jenereta. Shoti ikitokea, mkondo huruka juu kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hushuka. Ikiwa kidhibiti cha volti hakina nguvu ya kuusukuma usumaku, mkondo wa shoti unaodumu waweza kuwa mdogo hata kuliko mkondo wa kawaida wa jenereta yenyewe. Gridi kubwa huficha tabia hii, maana jenereta ni nyingi na ziko mbali. Hapa jenereta iko jirani na laini, na rilei huiona ikidhoofika.

Tuchukue hesabu ya mfano. Tarakimu hizi nimezichagua ili zieleweke, hazitoki kwenye laini yoyote ya mji. Laini ina transfoma ya mkondo ya 200/1, na mzigo wake wa juu ni ampea 120. Mitambo mitatu ikizunguka, shoti mwishoni mwa laini inaleta ampea 1,600. Ukibaki mmoja, na mkondo ukishashuka, zinabaki 320. Fundi mwenye hofu ya kukatakata umeme ameweka mkondo wa kuamsha rilei kwenye ampea 300, kizidisho cha muda 0.1, mkunjo wa kawaida wa IEC. Siku ya mitambo mitatu rilei inakata kwa sekunde 0.4, na kila mtu anaisifu. Siku ya mtambo mmoja hesabu inatoa takriban sekunde 11, na kwa mkondo uliozidi kizingiti kwa kiasi kidogo hivyo, hata hizo 11 si za kutegemewa. Waya umelala kwenye tope la mvua barabarani, una umeme, watu wanapita. Kabla laini haijakata, kinga ya jenereta itakuwa imeuzima mtambo, na giza litakuwa limeifunika Makiso, Mangobo na Kabondo kwa kosa la laini moja.

Sasa shusha mkondo wa kuamsha hadi 160. Mitambo mitatu: sekunde 0.3. Mtambo mmoja: sekunde 1. Mzigo wa ampea 120 bado una nafasi ya kupumua. Kinga ya jenereta nayo ipangwe isubiri zaidi ya hapo, na iwe ile inayotazama volti pamoja na mkondo, kwa kuwa kushuka kwa volti ndiko kunakotofautisha shoti dhaifu na mzigo mzito.

Mtauliza kuhusu kurudi kwa umeme baada ya mgao, na swali hilo ni la haki. Friji zote zinaanza pamoja, na transfoma tupu inavuta mara 8 hadi 12 ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi. Kipengele cha kukata papo hapo lazima kivumilie mvuto huo. Lakini ukikipandisha mpaka kiuvumilie, shoti ya mtambo mmoja haitakifikia kamwe. Rilei za kidijitali zina tiba mbili. Ya kwanza ni kuzuia kukata pale zinapoona mawimbi ya hezi 100, alama ya transfoma inayojazwa usumaku. Ya pili, ninayoipendelea kwa mji wetu, ni makundi mawili ya mipangilio ndani ya rilei moja, yakibadilishwa na kontakti saidizi za breka za jenereta. Usimwachie mtu kubonyeza kitufe saa nane za usiku. Rilei za zamani za kisahani hazina uwezo huo, na kwa hizo mipangilio ifuate siku dhaifu, tuvumilie kukata kwa ziada siku zenye nguvu.

Niingie kwenye nyaya, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa.

Kabla ya kugusa: tenga laini, funga kufuli na uweke kibao, hakikisha kwa kipimo kwamba hakuna volti, unganisha fezi zote na ardhi, kisha zungushia eneo la kazi. Kipimo chenyewe kijaribiwe mahali penye umeme kabla na baada. Kwenye laini zetu ardhi iwekwe hata kama kituo kimezimwa, kwa sababu jenereta ya dizeli ya mteja iliyofungwa vibaya inaweza kurudisha umeme kupitia transfoma yake.

Upande wa pili wa transfoma ya mkondo usiachwe wazi hata sekunde moja wakati mkondo unapita upande wa kwanza. Mkondo wote wa laini utageuka kazi ya kujaza usumaku kwenye chuma, na terminali ndogo unayoishika itapanda hadi maelfu ya volti. Funga kwanza viungo vya shoti kwenye terminali za majaribio, hakikisha kwa ampea mita ya kubana kwamba mkondo umehama, ndipo utoe rilei. Sakiti hiyo iwe na ardhi sehemu moja tu. Ardhi mbili zikiwekwa, sehemu ya mkondo inapita kwenye sakafu badala ya rilei, na kinga ya hitilafu ya ardhi inadanganyika. Waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha ndani ya kabati, lakini kwa umbali mrefu kutoka uwanjani tumia 4 au 6, hasa pale transfoma ya mkondo ni ya ampea 5, maana upotevu unakua kwa mraba wa mkondo.

Sakiti ya kukata ndiyo inayosahaulika zaidi. Rilei ikiamua, inaipa koili ya breka umeme wa betri. Kontakti ya rilei inaweza kufunga mkondo huo bila shida, ila nyingi hazina nguvu ya kuukata ukiwa wa moja kwa moja. Ndiyo maana kontakti saidizi ya breka lazima iwe mfululizo na koili, ili breka ikishafunguka iukate yenyewe. Fundi anayeiruka ili kurahisisha kazi ataikuta kontakti imeungua na koili imeyeyuka. Ongeza rilei ya kusimamia sakiti hii, ipige kengele waya ukikatika au fyuzi ikitoka. Na betri ipimwe ikiwa na mzigo, chaja ikiwa imezimwa. Betri iliyochoka inaonyesha volti 110 vizuri kabisa mpaka koili inapoomba ampea zake.

Majaribio ya kukubali kazi yafike kwenye breka. Kuingiza mkondo kwenye terminali na kutazama taa nyekundu kunathibitisha rilei peke yake. Ingiza ule mkondo mdogo, kwa mfano wetu ampea 1.6 upande wa pili, breka ikiwa imefungwa na laini imetengwa, upime muda hadi nguzo za breka zifunguke. Rudia huku volti ya betri imeshushwa kwa makusudi hadi kiwango cha chini ambacho mtengenezaji wa koili anakiruhusu. Kisha andika kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati: mipangilio, tarehe, jina la aliyepima, na idadi ya mitambo iliyodhaniwa kuzunguka wakati hesabu inafanywa.