Kijana na Intavyuu: Ukweli Ndio Mtaji

(Mazungumzo na vijana baada ya Tarawehe, Kibokoni)



Nimeombwa nizungumzie kazi ya kutengeneza programu za kompyuta katika makampuni makubwa. Zamani kijana wa Kibokoni akiwaza kazi, ni bandarini, dukani kwa babake au kwenda Arabuni. Leo pana mlango mwengine. Mwaka 2009 waya wa intaneti wa TEAMS ulipita chini ya bahari kutoka Fujairah ukafika hapa hapa Mombasa. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi, na 2022 Google nayo ikatangaza chake. Lakini mlangoni pana bawabu, naye ni intavyuu.

Intavyuu hii si ya kuangaliwa vyeti basi. Hupewa vikao kadhaa, kila kimoja kama dakika 45. Mtaalamu wa kampuni hukutegea fumbo, nawe ulifumbue mbele yake huku ukieleza kwa sauti unavyofikiri.

Chukua mfano. Una orodha ya bei 1,000. Tafuta mbili ambazo jumla yake ni shilingi 500. Ukijumlisha kila bei na kila nyengine, huenda ukafanya hesabu karibu 500,000. Lakini ukipita mara moja, kila bei ukiiandika kwenye jedwali, basi ukifika kwa 180 wauliza tu: "320 nimeshaiona?" Hatua 1,000, umemaliza.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Nilipokuwa mwaka wa tatu niliitwa na kampuni moja kubwa. Rafiki yangu aliyetangulia alinitajia swali aliloulizwa, ilhali alikuwa ameahidi kutolitoa. Nikalihifadhi kama Juzuu Amma. Na kweli, nikaulizwa lilo hilo! Nikakunja uso, nikajikuna kichwa, ati nafikiri. Kisha nikaandika jawabu lote. Yule bwana akasema: "Vizuri. Sasa bei zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na jedwali huruhusiwi. Utafanyaje?" Nikanyamaza. Dakika ishirini, kimya. Kazi nikaikosa.

Usiku ule nilikumbuka kisa alichotusomesha maalim chuoni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya fungu, vidole vikakuta maji. Juu kukavu, chini kumerowa. Wallahi, fungu lile lilikuwa mimi. Na lau ningepita, ningempokonya nafasi kijana mwengine aliyekuja bila ya kuibiwa swali.

Mamangu huuza mahamri asubuhi na mapema ili nisome. Aliponiuliza, nilimwambia, "Sikubahatika." Huo nao ulikuwa uongo wa pili. Mwezi mzima ulipita ndipo nikamwambia kweli. Alinyamaza, kisha akasema: "Heri umekosa, mwanangu. Ungeipata, ungekuja kunilisha nini?"

Basi ndugu yangu, shika haya matatu.

Kwanza, fanya mazoezi mpaka uelewe, usihifadhi majawabu.

Pili, ukipewa swali unalolijua, sema: "Hili nimeshalikuta." Atakupa jengine, na ukweli wako ataujua.

Tatu, usinyamaze. Chuoni kunyamaza mbele ya maalim ni adabu. Kwenye intavyuu, kimya kitakuangusha. Ukikwama, sema umekwamia wapi. Kazini hakuna aandikaye peke yake. Programu yako husomwa na mwenzako kabla ya kutumika, kwani kosa moja laweza kuwafikia mamilioni ya watu. Anayeficha asilolijua ni hatari kwa wote.

Na lile swali? Weka kidole kimoja kwenye bei ndogo kabisa, chengine kwenye bei kubwa kabisa. Jumla ikizidi 500, kile cha juu kishushe hatua moja. Ikipungua, kile cha chini kipandishe. Endelea hivyo mpaka upate, au vidole vikutane. Hakuna jedwali, ni vidole viwili tu. Na siku ile nilikuwa navyo!

Baada ya Idd nina intavyuu nyengine. Safari hii sijamuuliza mtu swali. Niombeeni dua.

Wabillahi Tawfiq.